Mwalimu aliyesahihisha daftari lake mwenyewe

Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Mfasiri alikuwa Rais wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere. Miaka sita baadaye, 1969, kitabu hicho kilitoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari, na tafsiri yenyewe ilikuwa imepitiwa upya. Hakuna aliyemlazimisha. Kazi ya kwanza ilikuwa imesifiwa, na mwenye kazi angeweza kuiacha kama ilivyo akaendelea na ya dola.

Na ya dola yalikuwa mengi. Katika miaka hiyo sita askari walikuwa wameasi, Januari 1964. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana mwezi Aprili wa mwaka huohuo. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwaka uliofuata Tanzania ilikuwa imeitambua Biafra na kuzua ugomvi na nusu ya Afrika. Katikati ya hayo yote, mtu mmoja alipata saa za kukaa na maneno ya Brutus na Antony, akijiuliza kama yamekaa sawa.

Nimekulia Musoma na jina la Mwalimu nimelisikia tangu sijajua kusoma. Redio ilimleta sebuleni kila Oktoba: sauti ile kali, kicheko kile cha ghafla, hotuba zilezile zikirudiwa. Kwa hiyo nilikua nikimjua Nyerere msemaji. Nyerere mwandishi nilimkuta nikiwa mtu mzima, na nilipomkuta niliona uchungu kwamba sisi wa Mara, tunaopita mbele ya nyumba yake kila siku, tumemsikiliza sana na kumsoma kidogo.

Wazungu wanapotaka kumtaja mtu wa vipaji vingi humtaja Leonardo da Vinci, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1452, mchoraji aliyepasua maiti ajue misuli inavyofanya kazi, na akabuni mifereji na mashine. Sisi hatuna haja ya kwenda hadi Italia. Panda gari stendi ya Bweri, shika barabara ya Mwanza, shuka Makutano, kisha uulize gari la Butiama. Kilomita arobaini na kitu tu. Juu ya mwamba wa Mwitongo alikaa mwalimu wa bayolojia, mfasiri, mtunzi wa tenzi, mkulima, mcheza bao na mkuu wa nchi. Wote hao walikuwa mtu mmoja.

Mwitongo kwa Kizanaki ni mahame, mahali palipowahi kuwa na mji. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Chifu Nyerere Burito. Uchifu wenyewe ulikuwa jambo jipya kwa Wazanaki, ulikuja na Wajerumani, na Burito aliushika tangu 1915 hadi alipofariki mwaka 1942. Jina lake, Nyerere, ni la viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba. Alikuwa na wake 22. Wa tano aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe, na tarehe 13 Aprili 1922 alijifungua mtoto wa kiume katika masika ya mvua nyingi. Mtoto akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Alipokua meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya Kizanaki, na meno hayo hayo ndiyo dunia ilikuja kuyaona kwenye picha za Umoja wa Mataifa.

Kipaji cha kwanza ambacho watu walikiona kwake kilikuwa cha mchezo. Wazanaki wana bao lao, wanaliita orusoro, na wazee hulicheza kwa nia kama wanagawana ng'ombe. Kambarage, mchunga mbuzi, aliwashinda wakubwa. Masimulizi ya huku kwetu yanamtaja Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, rafiki wa Burito, kuwa ndiye aliyemshauri mzee ampeleke shule kijana huyu mwenye akili nyepesi. Ikizu leo iko wilaya ya Bunda, upande wa Nyamuswa, chini ya mlima Chamuriho. Nilipokwenda huko niliwakuta wazee wawili chini ya mti na ubao wao wa mashimo, na nilisimama kando robo saa bila kusema neno. Mtu anayecheza hesabu ile anahesabu kete za mwenzake, anakumbuka mizunguko mitatu nyuma na anaona miwili mbele, huku akipiga soga kama hana habari. Aliyemfahamu Nyerere wa mikutano ya kabla ya uhuru, alipokuwa akijadiliana na Waingereza, atautambua mchezo huo.

Mwaka 1934 alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma. Alikuwa na miaka 12. Kutoka Butiama ni maili 26 hivi, na alitembea. Shule iko karibu na ziwa, ambako upepo wa jioni unaleta harufu ya dagaa waliotandazwa kukauka. Hapo Mwisenge alikikuta Kiswahili. Jambo hili watu hulisahau: mtu aliyekuja kutafsiri Shakespeare, aliyekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa zima na kulihutubia Bunge kwa lugha hiyo Desemba 1962, hakuzaliwa nacho. Lugha ya mama yake ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikisoma darasani, kama mtoto wa Bunda anavyosoma Kiingereza leo, na labda ndiyo sababu hakuacha kukichunguza neno kwa neno. Mwenye kuzaliwa na lugha huivaa bila kuitazama, na aliyeipata ukubwani hupapasa kila mshono.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere mwaka 1943. Desemba ya mwaka huo alibatizwa Nyegina, misheni iliyo nje kidogo ya Musoma, akaitwa Julius. Akiwa Makerere aliandika insha kuhusu hali ya wanawake wa Kizanaki, akitumia mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Tuifikirie kidogo insha hiyo. Kijana wa miaka 22, mtoto wa mzee wa wake 22, anachukua kitabu cha Mzungu wa karne ya 19, anakitia mfukoni, na anakirudisha kichwani mwake hadi kwenye nyumba ya mama yake kuuliza nani analima, nani anakula na nani anaamua. Hakukinakili kitabu hicho. Alikipima kwa Mgaya wa Nyang'ombe.

Alirudi Tabora na stashahada ya ualimu, akafundisha St. Mary's hadi 1949. Somo lake moja lilikuwa bayolojia. Halafu Edinburgh, Uskoti, ambako alisoma historia, uchumi, falsafa ya maadili na elimu ya jamii za watu, akahitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Hapa waandishi wengi wa wasifu hukimbilia TANU. Mimi napenda kusimama kwanza kwenye kitu alichofanya aliporudi nyumbani. Alikuwa na mchumba, Maria Gabriel, na ndoa ilikuwa Januari 1953. Basi mwenye shahada ya Edinburgh akakanyaga udongo kwa miguu yake, akafyatua matofali, akamjengea mkewe nyumba Butiama kwa mikono yake. Katika nchi ambayo msomi alitarajiwa kuvaa soksi ndefu na kuamrisha, hilo liliwashangaza watu. Sioni kwamba alikuwa akionyesha unyenyekevu. Nadhani alitaka kujua namna nyumba inavyosimama.

Kufundisha Pugu, uenyekiti wa chama cha TAA, kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, safari ya Umoja wa Mataifa mwaka 1955: hayo yako katika kila kitabu cha shule. Aliporudi kutoka New York alitakiwa achague njia moja kati ya mbili, chaki au siasa, na akaacha kazi. Kilichofuata kinatajwa mara chache. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1955 kiongozi wa chama cha kupigania uhuru alikuwa nyumbani Butiama, hana tena mshahara wa ualimu, akimfundisha Kizanaki padri mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll, na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Kizanaki hakikuwa na maandishi ya kutosha. Mtu anayetafsiri katika lugha ya namna hiyo hana kamusi ya kufungua. Anabaki na kumbukumbu ya mama yake, masikio yake, na dhamiri. Kwa maoni yangu mfasiri wa Shakespeare alifunzwa kazi pale, kabla ya kukutana na mchapishaji yeyote.

Naomba turudi sasa kwa Kaizari. Kati ya tamthilia zote za Shakespeare, mkuu mpya wa nchi mpya alichagua ile ambayo kiongozi anachomwa visu na marafiki zake, kwa madai kwamba wanaiokoa nchi isipate mfalme. Alitafsiri hadithi ya hofu ambayo kila Ikulu ya Afrika ilikuja kuijua. Kitabu kilitoka 1963. Januari iliyofuata askari wa kambi ya Colito waliasi, na Rais alilazimika kujificha. Shakespeare aliandika mashairi yake ya jukwaani bila vina, na Nyerere akayaacha hivyo. Leo hatuoni ajabu. Lakini wakati ule, kwa washairi wetu wa mapokeo, shairi lisilo na vina lilikuwa kama ngoma isiyo na mchezaji. Yeye aliona kwamba Kiswahili kina uzito wake wa ndani, kwamba sentensi ikipangwa vizuri inasimama bila kamba ya kina mwishoni, na akalithibitisha kwa tamthilia nzima.

Mwaka uleule wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Jina hilo pekee lastahili makala. Neno bepari limetujia kutoka kwa Wahindi wa Gujarati, na asili yake ni mfanyabiashara tu, mchuuzi wa duka. Angeweza kuandika mfanyabiashara, na tafsiri ingekuwa salama. Alichagua bepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno likiwa limeshakuwa moto katika kila mkutano wa hadhara. Akaliweka katika wingi pia. Shakespeare ana mfanyabiashara mmoja kwenye jina la tamthilia yake, Nyerere ana wengi. Msomaji wa Kiswahili anaingia mlangoni akiwa tayari anajua kwamba Shylock, mkopesha fedha wa tamthilia hiyo, si mtu mbaya peke yake katika mji wa watu wema, kwamba mji mzima wa Venisi unapimana kwa fedha. Wapo wanaosema alimsokota Shakespeare ili ahubiri siasa. Nimeisoma tafsiri hiyo mara mbili na nasema hapana. Jina lina ukali, lakini ndani ya kitabu mfasiri anamwachia Shylock maumivu yake yote. Mwanasiasa aliandika jalada, na mshairi akaandika kurasa.

Mashairi aliyapenda kwa vitendo. Alijibizana na washairi kwa beti, na mwaka 1968 aliwaita akawaomba wachukue kazi ya kulifafanua Azimio kwa wananchi. Ngonjera za Mathias Mnyampala, ambazo kizazi chetu kilizighani shuleni kwa sauti ya juu mbele ya wageni waalikwa, zilistawi katika upepo huo. Sitasema zote zilikuwa sanaa nzuri. Lakini nchi ambayo mkuu wake anaamini kwamba sera haijaeleweka mpaka ighaniwe, ni nchi iliyolichukulia neno kwa heshima.

Halafu kuna Tenzi za Biblia. Hapa ndipo ninapotaka kukawia, kwa kuwa hapa ndipo mtu huyu ananistaajabisha kuliko mahali pengine pote. Aliacha urais tarehe 5 Novemba 1985, akaacha uenyekiti wa CCM mwaka 1990, akarudi Butiama kulima. Alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Kusini, na baadaye msuluhishi wa Burundi. Mwaka 1996, akiwa na miaka 74, Benedictine Publications ya Ndanda na Peramiho ilichapisha vitabu vyake vitano: Injili nne na Matendo ya Mitume, vyote kwa utenzi.

Anayejua kanuni za utenzi ataelewa uzito wa jambo hili. Kila ubeti una vipande vinne. Kila kipande kina mizani nane, haiongezeki wala haipungui. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina cha bahari kinachorudi kila ubeti toka mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Sasa chukua Injili ya Mathayo. Inaanza na orodha ya ukoo: makumi ya majina ya Kiyahudi, yenye silabi zisizotaka kulingana na kitu chochote cha Kiswahili. Mshairi mwingine angeruka. Halafu kuna mifano, mahubiri ya mlimani, kesi, msalaba, na yote lazima yapite kwenye tundu lilelile la sindano, mizani nane, bila kumwongezea Yesu neno ambalo hakusema. Mwandishi wa nathari ana uhuru wa kutafuta neno lolote. Mtunzi wa utenzi anatafuta neno la kweli, la silabi kadhaa, linaloishia na sauti fulani, na mara nyingi neno hilo halipo. Mzee huyu alifanya hivyo kwa vitabu vitano.

Na utenzi si mali ya bara. Ni chombo cha pwani, kilicholelewa na Waislamu wa Lamu, Pate na Mombasa kusimulia vita vya Mtume na kuwausia mabinti. Mkatoliki wa Kizanaki, aliyejifunza Kiswahili Mwisenge, alikichukua chombo hicho kwa adabu, akashika sheria zake zote, akapakia Injili. Kijana aliyevunja kina katika Kaizari aliishia kuwa mzee anayekitii kina kuliko wengi waliozaliwa nacho. Na kazi ileile ya kutafsiri dini aliyoianza kwa Kizanaki mwaka 1955, kijijini kulekule, aliimaliza kwa Kiswahili miaka arobaini baadaye.

Siwezi kuandika haya nikaficha upande wa pili, kwa kuwa huku Mara tunao walioumia. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Watu walihamishwa, nyumba zilichomwa mahali pengi, na walioachishwa mashamba ya babu zao walipewa viwanja vilivyopangwa kwa mstari. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, wakulima wa pamba wa Bunda wakiwemo. Naona kosa hilo limetoka kwenye kipaji chenyewe. Mtu anayeelewa haraka huona mwendo wa polepole wa wenzake kama uzembe. Ubeti unaweza kuupanga usiku mmoja ukatii. Kijiji kina watu ndani yake.

Lakini mwaka 1962, akiwa hana cheo serikalini baada ya kujiuzulu uwaziri mkuu wiki sita tu tangu uhuru, aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Jina ni la mwalimu aliyeshika kalamu nyekundu. Na mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala kuvunja ushirika. Ni viongozi wangapi wa kizazi chake waliosema hivyo wakiwa bado wamekalia kiti? Mkono uliorudi kwenye Kaizari mwaka 1969 ndio uliorudi kwenye sera mwaka 1984. Tofauti ni kwamba kitabu kinaweza kuchapwa upya, na nyumba iliyochomwa haichapwi upya. Yote mawili ni kweli, na anayempenda Mwalimu hana budi kuyabeba pamoja.

Jumamosi iliyopita nilipanda Mwitongo. Pimbi walikuwa wakiota jua kwenye majabali. Kaburi lake lipo hapo, karibu na ya wazazi wake. Alizikwa tarehe 23 Oktoba 1999, siku tisa baada ya kufariki London. Chini kidogo ni makumbusho yenye jina lake, ambayo yalifunguliwa mwaka huohuo. Wageni waliokuwepo walipiga picha, wakatazama zawadi za wakuu wa nchi, wakaondoka. Kesho yake, Musoma mjini, nilizunguka maduka ya vitabu nikiulizia Tenzi za Biblia. Sikuzipata hata duka moja. Nikaulizia Juliasi Kaizari. Kijana wa duka la tatu aliniuliza mwandishi ni nani.

Basi nina ombi kwa wachapishaji, kwa Wizara, na kwa walimu wenzetu wa Mwisenge, Bunda na Butiama. Chapeni toleo la 1963 na la 1969 katika kitabu kimoja, ukurasa wa kushoto na wa kulia, ili mtoto aweke kidole kwenye mstari aone Rais alipofuta na alipoandika upya. Rudisheni tenzi madukani. Na tarehe 14 Oktoba ijayo, kabla ya hotuba, wapeni wanafunzi wa Mwisenge jukwaa waigize Kaizari kwa Kiswahili cha mtoto aliyesoma shule yao.